Siki ya Paombong

Walituita ghalani, Quezon City:
mpwa wake kwa sababu ya saini,
mimi kwa sababu ufunguo wa pili ulibaki kwangu.
Taa haijawaka, harufu imeshatupokea mlangoni.
Siki.
Si ya jikoni, alisema kijana wa hifadhi, glavu mkononi,
ni filamu inajila yenyewe. Ikianza haiponi.

Nikacheka. Akanitazama
kama mtu aliyecheka matangani.

Angejuaje? Mama yake Direk aliuza siki Paombong,
siki ya utomvu wa mnipa, mti wa kwenye matope,
na Anacleto, mtoto wa nne, kazi yake ilikuwa kuonja.
Ulimi ukijikunja, imeiva.
Ukisitasita, rudisha mtungi gizani.
Baadaye aliwapima waigizaji vivyo hivyo.
Bibi mwenye jina kubwa alimaliza kilio chake kizuri,
mafundi wa taa wanafuta machozi,
naye, macho kafumba: "Bado. Gizani."

Mimi nilishika daftari la mwendelezo,
kazi isiyoandikwa kwenye bango.
Glasi ilikuwa mkono upi, sigara imebaki urefu gani,
kifungo kipi kilitoka kabla ya kofi.
Miaka ishirini na sita nikikumbuka kwa niaba yake.

Filamu ya kwanza tuliipiga siku tisa, Malabon,
maji ya mafuriko magotini, kamera kichwani kama mtoto.
Bwana Chuakay, mwenye pesa, alitaka mapenzi na ngumi.
Akapewa mapenzi, akapewa ngumi,
na katikati yake, kama mwiba ndani ya tonge,
mwanamke kwenye foleni ya mchele,
kibaba mkononi,
dakika nne bila neno.

Ilikuwa miaka ya kutotoka usiku.
Wakaguzi wakakata dakika kumi na moja, foleni ikiwemo.
Jina la ukoo wake Dimaculangan,
yaani, kwa Kitagalog, asiyepunguzika.
Alitoka ofisini kwao na vipande ndani ya mfuko wa karatasi,
ule wa mkate wa asubuhi, una makombo bado.
"Petang, andika. Kushoto, mfuko. Kulia, hakuna kitu.
Kesho tunaendelea hapo hapo."

Halafu televisheni. Watu husema alishuka.
Mimi nasema alikuwa na nyumba mbili za kulisha,
ya pili ikijulikana na wote ila ile ya kwanza.
Vipindi mia sita na arobaini
vya mapacha waliopotezana hospitalini!
Pacha mbaya tulimuua Agosti. Simu zikalia.
Oktoba akafufuka, kovu shavu la kulia.
Direk, nikamwambia, kovu lilikuwa kushoto.
"Kaburi hugeuza," akajibu, na kamera ikaenda.

Lakini kipindi cha mia tatu na kumi na mbili,
baina ya tangazo la sabuni na tangazo la mafuta ya nywele,
mama wa mapacha alisimama kwenye foleni,
kibaba mkononi,
dakika nne bila neno.
Wakubwa wa kituo walipiga simu.
Alikuwa amekwenda kula.

Mikebe kumi na minne. Tukaifungua mmoja mmoja:
gundi, vumbi, utando wa kahawia.
Kijana akaeleza polepole, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa:
mkebe ukifungwa sana, mvuke hauna pa kwenda.
Juu ya rafu, nyuma ya feni iliyokufa, mfuko wa mkate.
Karatasi hupumua.
Dakika kumi na moja, nzima, kavu,
kilichokatwa ndicho kilichobaki.

Nikainua ukanda kwenye taa.
Yule mwanamke. Ile foleni. Mvua kidogo.
Kibaba kiko mkono wa kulia.

Kwenye televisheni nilimwambia mwigizaji: kushoto.
Nilikuwa na hakika. Nilimshika mkono nikamwekea.
Na yeye, aliyeonja kila kitu,
alisimama pale pembeni, macho wazi,
hakunisahihisha.